Majengo yanaongezeka, je, na chungu cha Batwa?

Mpango wa serikali wa maendeleo ya teritware 145 unajenga shule, vituo vya afya na majengo ya utawala. Tunashukuru. Lakini majengo hayajazi chungu cha ndugu zetu Batwa.

Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975. Batwa waliondolewa msituni bila kupewa ardhi nyingine. Huko walipata nyama, asali, uyoga na viazi vya mwitu. Leo wengi wao wanalima mashamba ya wengine kwa kibarua, na mara nyingi ugali wa mihogo hauna mboga. Asiye na shamba, hata mbegu za msaada anazila, kwa sababu hana pa kuzipanda.

Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inatambua haki ya Batwa na Bambuti juu ya ardhi wanayoitumia tangu zamani. Lakini karatasi hailiwi.

Makanisa yetu mengi yana mashamba. Tusiingoje serikali peke yake: tuketi na wazee wa Batwa, tuwasikilize kwanza, kisha tuwape mahali pa kulima, kwa maandishi.