Kasi ya Kwenye Boksi Haitoshi

Mwandishi aliyewashauri wenye seva za Linux hapa Nyaramba wanunue kadi yoyote ya mtandao, mradi boksi liseme gigabiti 10, amewapotosha. Kadi hiyo ikichomekwa kwenye sloti ya PCIe 2.0 inayopata njia moja tu, haitapitisha zaidi ya gigabiti 4 kwa sekunde kila upande. Tena, kadi ambayo draiva yake haimo ndani ya kerneli ni mzigo: kerneli ikisasishwa, fundi huanza kuhangaika upya. Zipo kadi zisizo na tatizo hilo: Intel X520 hutumia draiva ya ixgbe, ConnectX-5 ya Mellanox hutumia mlx5. Draiva zote mbili zimo ndani ya kerneli. Shule na vyama vya ushirika vyenye seva hizo visipoteze fedha za wazazi na wanachama. Kagueni draiva na sloti kwanza, ndipo mlipe.