Deni la Mlezi wa Watoto wa Umma

Dawa ya deni ni kulipa, walinena wahenga, nami sipingani nao. Lakini Kiswahili hakikulifungia neno hilo ndani ya mkoba wa fedha. Hata fadhila hulipwa.

Tangu mwaka 1995, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu imewasomesha wana wa maskini. Mhitimu wa shahada ya kwanza hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na asipolipa, faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Akiwa afisa wa watoto hapa Kakamega, ndiye amtafutiaye mtoto aliyetupwa makao salama. Akiikimbia kazi hiyo kwa uzito wa deni, mtoto huanza upya na mgeni.

Marekani, kwa mpango wa mwaka 2007, humsamehe mtumishi wa umma salio la mkopo wa serikali baada ya malipo 120 ya kila mwezi. Bunge letu nalo liamue: kila mwaka wa kuwahudumia watoto upunguze deni. Walimu wenzangu mtauliza, 'Na sisi je?' Dai lenu ni halali; ila tuanze na wasio na wa kuwasemea.