Kesi ya zamani ya magendo yaweza kukwamisha kibali cha mwekezaji

Mfanyabiashara wa Busia au Namanga anayetaka kufungua duka la jumla upande wa pili wa mpaka ana haki hiyo kwenye karatasi tangu Julai 1, 2010, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilipoanza kutumika. Lakini itifaki hiyo hiyo inaziruhusu nchi wanachama kumzuia mtu kwa sababu za usalama au maslahi ya umma, na hapo ndipo rekodi ya jinai inapofukuliwa.

Nchi hazipimi kwa mizani moja. Sheria ya Kenya ya 2011 inampiga marufuku mgeni aliyetiwa hatiani, katika nchi yoyote, kwa kosa ambalo kifungo chake si chini ya miaka mitatu, kama hajapata msamaha. Sheria ya Uhamiaji ya Tanzania ya 1995 haihesabu miaka: kifungo cha muda wowote kinatosha kuzua swali, ingawa mamlaka hutazama kwanza mazingira ya kosa kabla ya kumtangaza mtu kuwa hafai.

Kesi iliyo karibu zaidi na wafanyabiashara wa mpakani ni ya forodha. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya 2004, kukutwa na bidhaa zisizolipiwa ushuru kunaweza kuleta kifungo kisichozidi miaka mitano, faini ya nusu ya thamani ya mzigo, au vyote viwili. Sheria hiyo pia inampa Kamishna uwezo wa kumaliza kosa nje ya mahakama, mhusika akikiri kwa maandishi na kulipa.

Tofauti ni kubwa. Aliyemalizana na forodha hakutiwa hatiani na hakimu. Aliyekiri kosa kizimbani ili lori lake liachiwe haraka ametiwa hatiani, hata kama alilipa faini tu. Wakala anayeshauri "kubali yaishe" huwa anawaza mzigo wa siku hiyo, si kibali cha kesho.

Kuficha hukumu ndiyo njia mbaya kuliko zote, kwani maelezo ya uongo kwa uhamiaji ni kosa jipya. Afadhali kuambatisha nakala ya hukumu na risiti ya faini. Na cheti cha tabia njema cha polisi kitafutwe kabla fedha hazijahamishwa wala pango la duka kulipwa.