Korongo Hajui Bei ya Lenzi Yako

Kuna ushauri unaozunguka kwenye magrupu ya vijana wa kamera, kuanzia Rongo hadi Mbita, na mimi nimechoka nao. Sema tu unataka kupiga picha za wanyama na ndege, mtu atakujibu papo hapo: tafuta kwanza milimita 600 ya f/4, bila hiyo unacheza. Anayesema hivyo mara nyingi hana lenzi hiyo. Hajawahi hata kuishika. Ameiona kwenye video ya mtu wa Ulaya, akakariri namba, na sasa anaitumia kuwafungia wenzake mlango.

Tuitaje bei kwa sauti. Sony ilipotoa FE 600mm f/4 GM mwaka wa 2019, ilikuwa karibu dola 13,000. Kwa shilingi zetu za leo hiyo ni zaidi ya milioni moja na nusu, kabla ushuru haujagusa. Kwa pesa hizo, Migori unapata Probox iliyotumika, unaiweka barabarani, na jioni inakuletea kitu. Lenzi ya kilo tatu haibebi abiria.

Lakini msikimbilie upande wa pili pia. Wale wa "kamera si kitu, muhimu ni jicho" nao wanatudanganya, tena kwa upole. Mdiria akiwa mita 50 juu ya maji, simu yako itakupa nukta. Jicho lako lizuri vipi, nukta itabaki nukta. Vifaa vina maana. Ndiyo sababu kuvichagua kwa kufuata sifa za watu ni upuzi.

Ninachosema ni hiki: chagua lenzi kwa jinsi utakavyomfikia mnyama. Gari, mashua, boda au miguu yako. Hayo ndiyo maswali ya kwanza. Milimita zinakuja baadaye.

Tuanze na hesabu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, sina digrii ya kuning'iniza ukutani, lakini kugawanya najua. Kamera ya fremu kamili ina kihisi chenye kimo cha milimita 24. Gawanya 24 kwa urefu wa lenzi, kisha zidisha kwa umbali. Lenzi ya 600, mnyama mita 100: picha inashika kimo cha mita 4. Sasa chukua ile Canon ya kihisi kidogo ambayo wapiga picha za harusi wanaiuza wakihamia kamera zisizo na kioo. Kimo cha kihisi chake ni takriban milimita 15. Ifunge lenzi ya 400, umbali ule ule: karibu mita 3.7. Yaani 400 kwenye kamera ya mtumba inamleta mnyama karibu kuliko 600 kwenye kamera ya bei kali. Picha haitakuwa safi kama ile nyingine, hasa mwanga ukiwa haba. Lakini mnyama yupo, ana macho, ana manyoya, na wewe huna deni.

Haya, twende Ruma. Mbuga hii ya Homa Bay, kwenye bonde la Lambwe, ina kilomita za mraba 120. Ilianza kama hifadhi mwaka wa 1966 kwa ajili ya mnyama mmoja, korongo, kisha ikawa mbuga ya taifa mwaka wa 1983. Nikiuliza wenzangu wa Migori korongo ni nini, wengi hunijibu ni ndege, au ni bonde lililochimbwa na mvua. Wako sawa, neno ni hilo hilo. Ila korongo wa tatu ni swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe kama amevaa barakoa, pembe zimepinda nyuma, masikio marefu. Sensa ya wanyamapori ya mwaka wa 2021 ilihesabu korongo 15 nchini Kenya. Kumi na tano. Wanajaa matatu ya viti kumi na vinne, na mmoja anabaki stejini.

Ruma huruhusiwi kutembea ovyo. Kuna nyati, kuna vifaru. Unahitaji gari, na mvua ikinyesha ule udongo mweusi wa Lambwe unameza magurudumu. Kwa hiyo gharama yako kubwa pale ni gari na siku za kukaa. Lenzi inafuata kwa mbali. Nyasi zikiwa ndefu, korongo akilala ndani yake, hakuna f/4 itakayomtoa. Atakayekusaidia ni askari wa mbuga anayejua kundi lilikunywa wapi jana, pamoja na asubuhi ya tatu ambayo bado una pesa ya mafuta. Mtu aliyemaliza akiba yote kwa lenzi anapata asubuhi moja, na pengine anarudi na picha safi sana ya nyasi.

Ndani ya gari uzito si shida. Hapo zumu ya 150-600, kama ile Sigma Contemporary ya karibu kilo mbili, inafaa kabisa. Jaza maharagwe kwenye mfuko wa kitambaa, uuweke dirishani, ulaze lenzi juu yake, dereva azime injini. Mfuko huo unashinda stendi nyingi za bei, na jioni mnaupika. Na usivae buluu wala nyeusi: mbung'o wa Lambwe wanazipenda rangi hizo, na bonde hili lilipata mlipuko wa malale kati ya 1980 na 1984.

Mpinzani wangu atasema: na mwanga je? Hoja hii ni ya haki. Tundu la f/4 linapitisha mwanga mara mbili na nusu ya f/6.3. Sipingi fizikia. Ila ushauri huo umetungwa na watu ambao machweo yao hukaa saa nzima. Homa Bay iko chini ya digrii moja kutoka ikweta. Jua letu linapanda wima. Ile alfajiri laini inayohitaji f/4 inakuja na kuondoka kabla chai haijapoa. Ikifika saa nne, joto la ardhi linafanya hewa icheze, na hapo lenzi ndefu zaidi inakuza mtetemo huo tu. Katikati, kwa saa mbili tatu, jua lipo la kutosha hata kwa lenzi za watu wa kawaida. Canon RF 800mm ya f/11, iliyotoka mwaka wa 2020 kwa dola 899, ina uzito wa kilo 1.26. Inapokea karibu sehemu moja ya nane tu ya mwanga wa f/4, na gizani itakuaibisha. Saa mbili asubuhi yenye jua, inafanya kazi.

Ziwani mambo yanageuka. Kwenye mashua, iwe Mbita au Muhuru Bay, lenzi ya 600 inatazama kipande chembamba mno cha dunia. Wimbi moja, furukombe ametoka kwenye fremu. Stendi haisaidii, kwa sababu mashua yenyewe ndiyo inayotikisika. Kile kitulizaji cha mtikisiko kinatuliza mikono yako, hakimtulizi ndege. Ndege anayeruka anataka shata ya 1/2000 au karibu na hapo. Lakini ziwa lina huruma moja: pale omena zinapoanikwa, yangeyange, mdiria na kongoti wanakuja wenyewe. Umbali ni mita 20, mara nyingine 10. Hapo ile zumu ndogo ya Canon, 55-250, yenye gramu 375, inatosha kwenye kamera ya kihisi kidogo. Unaibeba kwenye boda bila kuvunjika mgongo. Mlipe mvuvi mafuta yake, msalimie mama mwenye omena kabla ya kumnyooshea kitu usoni, kisha upige.

Hata ndani ya Ruma yenyewe, mbayuwayu wa buluu, ambaye huja katikati ya mwaka kutoka kusini, anaruka chini chini juu ya nyasi kwa kasi ya ajabu. Kumfuata na 600 ni kama kumtafuta mtu sokoni kwa kuchungulia kwenye mrija.

Kuna wanaosema lenzi fupi inawafanya vijana wawasogelee ndege na kuwafukuza. Hilo hutokea. Nenda Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay siku heroe wapo, utaona mtu akiwakimbilia ili waruke apate "action". Lakini huyo, mpe milimita 800, bado atakimbia. Dawa yake ni kukaa chini, kunyamaza, na kuwaacha waje.

Na ukinunua ya mtumba, washa tochi ya simu, imulike lenzi kutoka nyuma, utazame ndani. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu. Hewa ya ziwa ina unyevu na kuvu haiponi kwa kupanguswa. Rudisha, hata kama bei ni tamu. Geuza pia pete ya zumu taratibu. Ikikwaruza, ni vumbi la murram, na hutalitoa.

Kwa nini nakasirika hivi kwa habari ya vioo? Kwa sababu kuna mteja aliyewahi kuniuliza nimetumia lenzi gani kabla hajafungua picha hata moja, na nilipomjibu, hakuzifungua. Na kwa sababu ukitazama sarafu zetu za 2018 utaona twiga, kifaru, simba na ndovu. Korongo hayupo. Si mnyama wa matangazo. Watalii wenye lenzi za milioni wanapita kwenda Mara, na sioni ubaya, ni pesa zao. Lakini hawa kumi na tano wakipungua, atakayekuwa karibu kuona ni mtoto wa Lambwe, wa Ndhiwa, wa Migori. Nasi tumekaa kwenye magrupu tukimwambia mtoto huyo asubiri hadi awe na milioni moja na nusu.

Mnaotoa ushauri, badilisheni swali. Mtu akisema anataka kuanza, muulize anaenda wapi, anafikaje, na ana siku ngapi. Halafu fanyeni kile mama zetu wanafanya kila mwezi: undeni chama. Watu watano, 150-600 moja ya mtumba, zamu kwenye daftari. Mkikodi gari kwenda Ruma, changeni mafuta. Mmoja akiwa na lenzi, wanne washike darubini, wahesabu, waandike tarehe na mahali. Picha moja ya korongo yenye chembechembe, iliyo na tarehe na mahali, ina faida kuliko picha safi ambayo haikupigwa kwa sababu mwenyewe bado anaweka akiba.