Mungu Hana Daftari la Madeni



Katika matanga ya hivi karibuni tumesikia tena maneno ambayo kila Mkatoliki wa mtaa wetu ameyazoea: kwamba sisi tunautafuta wokovu kwa matendo, kwa rozari na kwa sadaka, ilhali wenzetu wa makanisa ya uamsho wameokoka kwa imani peke yake. Hayo si mapya, wala hayakutuumiza sana. Kilichotuumiza ni jibu la mwenzetu mmoja. Alisimama akaanza kuhesabu: Misa alizowaombea marehemu, novena, miaka aliyolipa michango, mifuko ya saruji aliyoitoa kwa ajili ya ukumbi wa parokia. Alidhani analitetea Kanisa, kumbe alikuwa anampa mshitaki ushahidi.

Tuseme wazi basi. Kanisa Katoliki halifundishi kwamba mtu hununua haki mbele ya Mungu kwa matendo yake. Pelagio alipodai kwamba mwanadamu aweza kutimiza mapenzi ya Mungu kwa nguvu za hiari yake, waliompinga kwa ukali walikuwa maaskofu wa Afrika, Agostino wa Hippo akiwa miongoni mwao, katika mtaguso wa Karthago mwaka 418. Mwaka 529 mtaguso wa Orange, huko Gallia, ulitamka kwamba hata mwanzo wa imani, hata ile hamu ya kuamini, ni zawadi. Nao Mtaguso wa Trento, ambao wengi huutaja bila kuusoma, ulifundisha katika hati yake ya tarehe 13 Januari 1547 kwamba hakuna kinachotangulia kuhesabiwa haki, iwe imani, yawe matendo, ambacho chastahili neema hiyo.

Anayetaka ushahidi mfupi zaidi na aje kutazama ubatizo wa watoto wachanga. Mtoto wa wiki sita amefanya tendo gani? Amefunga siku ngapi? Hata kuikiri imani hajaikiri. Wameikiri wazazi na msimamizi wake, naye amebebwa mikononi. Ajabu ni kwamba wanaotushitaki kwa ajili ya matendo ndio wanaomwambia mtoto huyo asubiri hadi aweze kufanya jambo fulani.

Tofauti yetu, hata hivyo, ipo, na hatutaificha. Kiswahili chetu kimezoea kusema “kuhesabiwa haki”. Usemi huo si kosa. Paulo mwenyewe, anapomzungumzia Abrahamu katika sura ya 4 ya Waraka kwa Waroma, anatumia lugha ya hesabu. Lakini anayeishia hapo hubaki na picha ya karani mwenye daftari: mdaiwa amebaki vilevile alivyokuwa, ila jina lake limehamishwa kutoka ukurasa huu hadi ule. Trento haukukubali kuishia hapo. Ulisema kwamba kuhesabiwa haki si ondoleo la dhambi tu, bali pia ni kutakaswa na kufanywa upya kwa mtu wa ndani.

Na sababu ya msimamo huo haiko katika mwanadamu. Iko katika Mungu mwenyewe. Mungu aliitamka nuru, nayo ikawa. Yesu alipomtakasa mwenye ukoma hakumfunika shuka safi na kuwaagiza watu wamtazame kana kwamba ni mzima. Alimgusa, na ukoma ukamtoka. Basi Mungu huyo akimwita mtu mwenye haki, neno lake lingekosaje kumgeuza? Tunaposema neema, hatusemi juu ya mali inayotumwa kutoka mbali. Roho Mtakatifu mwenyewe anakaa ndani yetu. Na kwa kuwa Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni upendo tangu milele, kabla hatujakuwapo, hawapungukiwi kitu ambacho sisi tungeweza kuwauzia.

Kuhusu neno “peke yake”, Luther aliliongeza katika Waroma 3:28 alipotoa tafsiri yake ya Kijerumani mwaka 1522. Mahali pekee ambapo Maandiko yanataja imani peke yake ni Yakobo 2:24, nako yanaikanusha. Hata hivyo tusiwe wagumu kupita Kanisa. Papa Benedikto XVI alieleza tarehe 19 Novemba 2008 kwamba usemi wa Luther ni wa kweli iwapo imani haipingwi na upendo. Miaka 9 kabla ya hapo, tarehe 31 Oktoba 1999, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi pale Augsburg tamko la pamoja juu ya jambo hili. Wamethodisti, wenye mizizi mirefu kule Katanga, walijiunga nalo mwaka 2006. Hayakumalizika yote, lakini anayehubiri leo kana kwamba bado tuko mwaka 1517 amechelewa.

Imani isiyotengwa na upendo tumeiona hapa kwetu. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa mpakani. Alikataa rushwa ili chakula kilichooza kisiwafikie watu, akauawa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri tarehe 15 Juni 2025. Je, alikuwa ananunua mbingu? Mnunuzi hukadiria faida, na maiti hana faida. Kristo aliyekuwa ndani yake ndiye aliyekataa zile fedha.

Sasa tuwageukie wanaotuita watu wa matendo. Ni nani anayemwambia mjane apande mbegu ya dola ili mwanawe apone? Na mtoto akifa, ni nani anayemwambia kwamba imani yake ilikuwa haba? Huo ndio wokovu wa matendo, tena ulio mbaya kuliko wa Pelagio, kwa maana Pelagio alidai wema. Hawa wanadai bahasha. Mungu wao ni mchuuzi, na mjane anarudi nyumbani amepoteza mtoto, fedha na Baba.

Lakini mchuuzi huyo ameingia kwetu pia. Katika matanga yaleyale, kabla ya wimbo wa kwanza, mtu wa shirika letu aliuliza kama kadi ya michango ya marehemu ilikuwa imetimia. Ilikosa miezi minne. Wanakwaya walisubiri, na watoto wake walisikia. Mwanamke aliyebatizwa bila kulipa chochote alikuwa anadaiwa ili aombewe. Hatuwezi kuwajibu majirani zetu juu ya neema wakati tunaikanusha mbele ya jeneza.

Kwa hiyo tunaiomba kamati yetu iamue jambo hili katika mkutano ujao: siku ya mazishi kitabu cha michango kibaki kabatini, na kwaya ianze kuimba mwili unapofika.