Moshi wa Buluu na Amana ya Muuzaji



Jirani yangu, mama wa watoto watatu, ana gari la turbo ambalo lilianza kutoa moshi wa buluu. Fundi wa kwanza alimwambia injini imekwisha, sharti ifumuliwe yote. Wengine wakamnong'oneza atie oili nzito ili moshi upungue, kisha aliuze upesi. Akanijia akiwa baina ya hasara mbili: ya mfuko na ya akhera.

Tuanze na ya mfuko. Mvuke mweupe mwepesi wa asubuhi, unaotoweka injini ipatapo moto, hauna neno. Ni unyevu tu. Mweupe mzito usiokoma, wenye harufu tamu tamu, ni dalili kwamba maji ya rejeta yanaingia ndani ya silinda, aghlabu kwa sababu ya gasketi iliyoungua. Mweusi ni mafuta yaliyozidi hewa. Huenda kichujio cha hewa kimeziba au bomba la hewa la turbo limepasuka. Wa buluu ni oili inayoungua.

Lakini rangi peke yake haitoshi. Angalia pia moshi unatoka wakati gani. Ukitoka kidogo gari linapowashwa baada ya kulala usiku kucha, kisha ukakatika, shuku sili za vali. Ukizidi kila ukanyagapo mafuta kupanda mlima wa Mazeras, shuku ringi za pistoni au turbo. Na ukingoja muda mrefu kwenye foleni ya kivuko cha Likoni, injini ikinguruma, kisha ukaondoka ukaacha wingu nyuma yako, shuku sili za turbo au za vali.

Mhimili wa turbo waweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoubeba ni utando mwembamba wa oili. Ndiyo maana oili iliyochakaa huiua turbo mapema. Hata hivyo, pengine turbo yenyewe haina kosa. Bomba linalorudisha oili kwenye injini likiziba, au vali ndogo ya kupumulia injini ikikwama, oili hukosa njia ikapenya kwenye sili. Kasoro hizo hurekebishwa kwa gharama ndogo.

Kwa hiyo, dada, usikubali injini ifumuliwe kabla ya mambo matatu. Kwanza, pima oili kwa kijiti chake, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa dakika chache. Andika kiwango na kilomita, urudie kila wiki hadi kilomita 1,000. Pili, fundi avue bomba la hewa la turbo, atazame kama oili imetuama, na ajaribu kuutikisa mhimili. Tatu, apime mgandamizo wa kila silinda. Ukiwa mzuri na sawasawa, huenda ringi zimesingiziwa. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka safarini, simama mahali salama uzime injini mara moja.

Gari la jirani yangu lilipimwa hivyo. Mgandamizo ulikuwa mzuri. Mhimili wa turbo ndio uliolegea. Injini haikuwa imekufa, ila bei ya turbo ilimshinda, akaazimia kuuza.

Hapo ndipo ilipokuja hasara ya pili. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye lundo la chakula, akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikapata umajimaji. Mwenye mali alisema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione, akabainisha kwamba mwenye kudanganya si katika wafuasi wake. Oili nzito inayoficha moshi kwa siku chache ni ile nafaka kavu iliyofunika mbichi.

Jirani yangu aliliwasha gari mbele ya mnunuzi, akalinguruma hadi moshi ukatoka, akamwonyesha na karatasi ya fundi. Bei ilishuka sana, na leo watoto wanapanda tuktuk kwenda madrasa. Alichopata ni kichache, lakini ni halali, na mnunuzi alijua analolinunua.

Wabillahi tawfiq.