Kosa la Kiwandani na Jeraha la Mfukoni

Thamani ya sarafu yenye kasoro haipimwi kwa ugeni wa sura yake, bali kwa jibu la swali moja, nalo ni iwapo kasoro hiyo iliingia kabla sarafu haijatoka kiwandani au baada ya kufika mikononi mwa watu. Wauzaji wengi hulikwepa swali hilo, wakaiita adimu kila sarafu iliyopinda, iliyokwaruzwa au iliyoungua, na mnunuzi asiyejua sarafu inavyotengenezwa hana la kuwajibu.

Sarafu huanza kama kisahani kitupu cha metali, ambacho hupigwa chapa kwa nguvu kubwa kati ya mihuri miwili ya chuma, huku pete ikikizuia kisitanuke. Kwa hiyo kosa la kweli ni lile linaloelezeka kwa kisahani, kwa muhuri au kwa pigo lenyewe. Senti mashuhuri ya Marekani ya mwaka 1955 ilitokana na muhuri uliotiwa alama zake mara mbili, mara ya pili ukiwa umegeuka kidogo, na kila senti iliyopigwa kwa muhuri huo ikatoka na tarehe na maandishi pacha yaliyo wazi. Vivyo hivyo, kisahani kilichokatwa juu ya tundu lililoachwa na kisahani kingine hutoka kimemeguka, na mara nyingi ukingo wa upande wa pili huwa hafifu. Sarafu iliyokatwa kwa tupa haina dalili hiyo, kwani ukingo wake wa pili hubaki imara.

Afrika Mashariki nayo ina somo lake. Senti 5 na senti 10 za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, za enzi ya ukoloni, zilikuwa na tundu katikati kwa makusudi, na maandishi yakapangwa kulizunguka, ilhali shilingi iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni ina tundu linalokata picha na kuacha metali iliyosukumwa pembeni.

Basi mzigo wa kuthibitisha ni wa muuzaji, naye ataje ni hatua gani ya kiwandani iliyozaa kasoro anayoisifu. Akishindwa, anauza jeraha, na shilingi iliyojeruhiwa ingali shilingi moja.